Mkono Kiunoni

Tangu alfajiri Meklit hakutulia. Mara tatu alishuka kitandani kwenda kuangalia kama fimbo yake ya genna, mchezo wa Noeli, bado imeegemea nyuma ya mlango, na mara zote tatu aliikuta palepale, kwani fimbo ingekwenda wapi? Bibi yake, Emama Tsehay, aliyekuwa jikoni akichochea moto, alimwambia, "Wewe mtoto, ukiitazama mara ya nne itazaa."

"Bibi, leo ni leo."

"Najua. Asemaye kesho ni mwongo. Njoo unimenyee vitunguu."

Ilikuwa Noeli. Siku arobaini na tatu za mfungo zilikuwa zimeishia kanisani, kuku walikuwa wamekwisha kuchinjwa, na mji mzima wa Debre Birhan, wenye baridi inayong'ata masikio hata jua likiwa utosini, ulinukia pilipili na siagi. Wengine waliamka wakiwazia nyama. Meklit, mwenye miaka kumi na mitano, aliamka akiiwazia simu yake, pamoja na kitu kingine kikubwa kuliko simu ambacho hakuwa amemwambia mtu.

Simu ilichukuliwa wiki tatu nyuma, na jinsi ilivyochukuliwa ndiyo iliyomkereketa. Baba yake, Mwalimu Endale, alikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari ya mjini, na katika nidhamu zote hakuna aliyoipenda kama kunyang'anya simu. Alikuwa akimnyemelea mwanafunzi, ananyoosha kiganja, anasema neno moja tu, "Lete," na simu inaishia kwenye droo ya meza yake, ambayo ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Droo ilikuwa na simu kumi na tisa. Ya ishirini ikawa ya binti yake.

Siku hiyo walikuwa wanakula. Injera, ule mkate mpana mwembamba, imetandazwa, mchuzi wa kunde katikati, familia nzima imeizunguka sinia. Meklit alikuwa ameinamisha shingo kidogo, simu iko mapajani, anachungulia wenzake wanasema nini. Baba yake alikuwa ameshika simu mkono wa kushoto, kidole gumba kinapandisha na kupandisha. Basi bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, mkono wa kulia ukavuka chakula, kiganja juu.

"Lete."

"Baba, na wewe je?"

"Mimi niko kazini."

Kazini! Meklit alikuwa ameshaiona hiyo kazi kwa jicho la pembeni: mbwa aliyevaa miwani akiendesha baiskeli. Lakini alitoa simu. Hapo mdogo wake Natani, wa miaka minne, akabandika kipande cha sabuni sikioni na kusema kwa sauti nzito, "Subiri, niko kazini." Mama yao, Asnakech, akacheka mpaka akapaliwa, halafu akarudi kwenye simu yake mwenyewe, ambako alikuwa anaongea na dada yake wa Marekani tangu mchuzi haujachemka. Hakuna aliyejiuliza mtoto wa miaka minne amelitoa wapi neno lile.

Na kile kitu kingine? Kilikuwa hiki. Zamani, kabla ya simu hizi za kioo, baba yake alikuwa akimaliza tonge la kwanza anapiga meza kwa vidole na kusema, "Kitendawili!" Wote wakajibu, "Tega!" Asiyejua jibu alitoa mji. Meklit alipokuwa na miaka kumi alishamiliki Gondar, Harar na nusu ya Jimma, maana Jimma baba aligoma kuitoa nzima kwa sababu ya kahawa yake. Halafu siku moja baba akarudi na simu mpya mbili za aina moja, moja yake na moja ya Meklit, akimwambia sasa umekuwa mkubwa. Jirani yao Gashe Zerihun alinunua ya tatu dukani palepale. Zote tatu zilikuja na mlio mmoja wa kinanda, tiri-tiri-tin, na hakuna aliyeubadilisha. Meklit alijua kuubadilisha, ila wakati ule alifurahi kulia sawa na baba yake. Alijishonea hata kipochi cha kuning'iniza kiunoni upande wa kushoto, kwa sababu baba alivaa chake kushoto.

Jioni ya siku ileile baba alipiga meza akatega kitendawili: "Ana macho elfu, na mgeni aliyekaa mbele yake hamwoni." Meklit akafumbua kinywa. Tiri-tiri-tin. Baba akainuka, akatoka na simu yake mpya uani, na aliporudi injera ilikuwa imeshakauka pembe. Miaka miwili ikapita. Hajatega kingine, na kile hajaulizia jibu lake.

Hilo ndilo lililomkaa Meklit kooni. Simu aliitaka, nani asiyeitaka. Lakini alimtaka baba yake mezani, na hakujua mtu anaomba vipi kitu kama hicho.

Njia ilitokea kwenye kahawa, Jumapili moja kabla ya Noeli. Katika mtaa wao, kila Noeli alasiri vijana hucheza genna na baba zao: fimbo zilizopinda kichwa, mpira wa mti mgumu, uwanja wa shayiri iliyokwisha vunwa. Na desturi ya genna ni ya kale kuliko makanisa mengine: siku hiyo bwana hakasiriki. Mtumishi anaweza kumwimbia tajiri wake mashairi ya kumcheka mbele ya watu, mtoto akamwimbia baba, na anayekunja uso amejiaibisha mwenyewe. Kesho yake heshima inarudi mahali pake.

Meklit akaweka kikombe chini. "Baba, mwaka huu nataka kucheza."

"Genna? Wewe?" Baba hakuinua macho. "Genna ni ya wanaume. Mpira ule ukikupata kwenye kifundo utatembea kama bata mpaka Pasaka."

"Basi unaogopa."

Hapo macho yakainuka. Ujanani Mwalimu Endale aliitwa Radi, na hakuna mgeni aliyewahi kunywa kahawa nyumbani kwake akatoka bila kuelezwa kwa nini.

"Naogopa nini?"

"Tukishinda, simu zote za droo zinarudi kwa wenyewe. Na hapa nyumbani sheria inakuwa moja. Wakati wa chakula na wakati wa kahawa simu zote zinawekwa pembeni. Zote, Baba. Hata zilizoko kazini."

Mama akasahau kwamba dada yake yuko hewani. Natani akaishusha sabuni. Mwalimu Endale akacheka, ila kicheko chenyewe kilichelewa kidogo kutoka.

"Na tukishinda sisi?"

"Zinakaa drooni mpaka Pasaka. Na ya kwangu."

"Mpaka shule zifungwe."

Meklit akahesabu kwa vidole. Ilikuwa miezi sita. "Mpaka shule zifungwe," alisema.

"Nimesikia mimi," alisema Emama Tsehay kutoka kwenye kigoda chake, akimimina kahawa ya raundi ya tatu, ile ya baraka. "Na aliyesikia ni mama yako, Endale. Mtoto atacheza. Ukivunja neno lako nitakuja shuleni kwako nikuchape mbele ya wanafunzi."

Habari ikaenea mtaani kabla vikombe havijaoshwa. Vijana waliokuwa hawamtaki msichana kwenye timu walipopata habari ya droo, walimletea fimbo tatu achague.

Saa tisa alasiri uwanja ulikuwa umefurika. Akina mama na shuka nyeupe za sikukuu, wazee juu ya mawe, watoto kila mahali. Kila upande ulikuwa na watu kumi na tano hivi, hakuna anayehesabu sana kwenye genna. Goli ni marundo mawili ya mawe, na wa kwanza kufunga mabao mawili ndiye mshindi. Mwamuzi alikuwa Gashe Zerihun, mtu mnene mwenye filimbi na sauti ya mlevi ingawa hajawahi kulewa.

Baba zao wakaingia wakijinyoosha viuno na kutaniana. Mwalimu Endale, kwa ajili ya goti lake, alishika goli. Alikuwa amevua koti, amejifunga mkanda juu ya shati, na kwenye mkanda, upande wa kushoto, kile kipochi.

"Baba, utacheza na simu?" Meklit alimpigia kelele toka katikati.

"Mwalimu lazima apatikane! Angalia kifundo chako wewe!"

Filimbi. Oo, ndugu zangu, mchezo ule! Mpira wa mti ulilia tak, tak, na kundi zima likaufuata kama kuku waliomwagiwa mtama. Watu walianguka, waliinuka, walipiga mpira, walipiga hewa, walipiga miguu ya wenzao. Meklit hakuwahi kujua kwamba moyo unaweza kudunda mpaka kwenye meno. Alikimbia pembeni kama alivyoagizwa na rafiki yake Samrawit, ambaye alikuwa amekaa juu ya jiwe akitoa amri asizoombwa: "Pembeni! Meklit, pembeni! Waache wazee wajichoshe!"

Wazee hawakuchoka upesi. Muuza mablanketi mmoja mwenye upara alipata mpira, akauchapa toka mbali, ukapaa, ukapita marundo ya vijana. Moja! Akina baba wakatupa fimbo juu, wakaanza kuimba papo hapo:

*Vijana wa simu vidole vyepesi,*
*miguu mizito, wanalia basi!*

Uwanja ukacheka. Shairi lenyewe lilikuwa bovu, lakini kwenye genna hata shairi bovu linauma. Meklit alihisi machozi ya hasira, akayafuta kwa kiwiko. Miezi sita! Aliwaza droo, aliwaza meza ya chakula, baba yake na yule mbwa wa miwani. Akatemea viganja vyake mate, akaushika upya mpini.

Bao la pili lilikuwa la vijana. Mtoto mmoja wa seremala, mwembamba kama fito, aliuchomoa mpira katikati ya miguu ya baba yake mwenyewe na kumpa Meklit, Meklit akaurudisha kwake, naye akausukuma ndani huku Mwalimu Endale akiruka upande mwingine na kuanguka kifudifudi. Moja kwa moja! Samrawit aliruka juu ya jiwe akapoteza kiatu.

"Goti!" Mwalimu Endale alikuwa akielezea kila mtu. "Ni goti tu! Zamani huu ningeudaka kwa meno!"

"Zamani ulikuwa na meno!" alipaza sauti mama yake toka kwa watazamaji.

Jua likaanza kuinamia mikalitusi. Sasa hakuna aliyeimba tena. Bao moja tu, la huyu au la yule. Akina baba walikuwa wameiva nyuso, wanahema, lakini wanasukuma mbele wote kwa pamoja, wamemwacha Mwalimu Endale peke yake nyuma. Wakapiga mpira, ukagonga jiwe la rundo la vijana, ukarudi. Mtoto wa seremala akauwahi, akautoa nje ya kundi bila hata kuangalia, na mpira ukaja ukibingirika kwenye mabua ya shayiri, taratibu, mpaka mbele ya miguu ya Meklit.

Mbele yake hapakuwa na mtu. Uwanja mtupu, na mwisho wake baba yake.

Alikimbia. Alisikia uwanja mzima ukipiga mayowe jina lake, akasikia nyuma yake akina baba wakigeuka kwa vishindo wamechelewa. Mpira ulimtii kwenye fimbo, kushoto, kulia. Baba yake akatoka nje ya goli kumlaki, amechuchumaa, fimbo chini, na uso wake, jamani, uso wake ulikuwa umekaza wote kumtazama yeye. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu baba yake hakuwa akitazama kitu kingine chochote duniani. Meklit alikuwa karibu acheke kwa furaha. Hatua sita. Tano.

Tiri-tiri-tin.

Mlio ulitoka kifuani kwa Gashe Zerihun, mwamuzi, aliyekuwa akikimbia pembeni mwao. Lakini nani angejua hivyo kwa wakati ule? Meklit alisimama. Hakuamua kusimama, miguu ndiyo iliyosimama, na mkono wake wa kushoto ukaachia fimbo ukaenda kiunoni. Na mbele yake, kwa wakati uleule kabisa, baba yake alisimama, na mkono wake wa kushoto ukaachia fimbo ukaenda kiunoni.

Uwanja wote ukawaona. Baba na binti, ana kwa ana, wameinamisha shingo upande mmoja, kiwiko kimoja nje, mpira katikati yao umetulia kama yai.

Ila mkono wa Meklit ulikuta nguo tu. Pale kiunoni hapakuwa na kitu kwa wiki tatu sasa. Mkono wa baba yake ulikuta simu. Na kwa kuwa aliikuta, aliitoa, na kwa kuwa aliitoa, aliitazama.

Meklit akashtuka, akainua fimbo, akapiga.

Tak!

Mpira ulipita kando ya goti la Mwalimu Endale, lile lenye maneno mengi, ukaingia katikati ya marundo na kuendelea na safari yake mpaka kwa ng'ombe waliokuwa wakila mabua kule nyuma. Yeye alikuwa bado anauliza kioo, "Halo? Halo?"

Kilichofuata hakisimuliki vizuri. Watu walimwagikia uwanjani, Meklit akabebwa juu, akaangushwa, akabebwa tena. Mtoto wa seremala alikuwa anabusu fimbo yake. Wenye simu zao drooni walikuwa wanacheza mabega kama harusi. Gashe Zerihun alishika filimbi kwa mkono mmoja huku kwa mkono wa pili ameshika simu, akimweleza mke wake kwamba ndiyo, atanunua vitunguu, lakini sasa hivi kuna jambo. Samrawit akapasua njia kwa viwiko. "Imba! Meklit, imba! Ukichelewa kutapoa!"

Meklit alikuwa na shairi alilolitunga siku nyingi. Alipanda juu ya jiwe, akapumua, akalitoa kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

*Za watu kwenye droo amezifungia,*
*ya kwake mkononi ameng'ang'ania!*

Uwanja ukaitikia kwa vigelegele. Moto ukampanda kichwani, na shairi la pili likaja lenyewe, halikuwa limetungwa:

*Mwalimu wa nidhamu langoni kasimama,*
*mpira wampita, simuni kainama!*

Hapo watu walikaa chini kwa kucheka. Wanafunzi wa droo waliliimba mara tatu. Mwalimu Endale alikuwa amesimama katikati ya duara, simu bado mkononi, masikio yamemwiva. Bwana hakasiriki. Alitabasamu kwa shida, kama mtu anayevaa kiatu kidogo. Kisha akainua mkono kuomba nafasi, maana aliyeshindwa naye anaruhusiwa kujibu, na watu wakanyamaza kumsikia Radi.

*Na binti wa mwalimu, mkono kiunoni,*
*huko atafutani? Simu iko drooni!*

Uwanja ukalipuka upya. Meklit aliyekuwa juu ya jiwe alihisi damu ikimpanda usoni. Alikuwa amesahau. Katika raha zote zile alikuwa amesahau mkono wake. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine aliyemjua vizuri, na aliona haya, haya halisi, akashuka kwenye jiwe.

Baba yake alikuwa amekuja mpaka karibu. Hakuwa anacheka tena.

"Umejifunza wapi ule?" aliuliza polepole, akiuangalia mkono uleule.

"Kwako," alisema Meklit. Hakukusudia kumuumiza. Lilikuwa jibu tu.

Mwalimu Endale aliitazama simu iliyokuwa bado mkononi mwake, akairudisha kipochini. Emama Tsehay akapita katikati yao na mkongojo wake. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema. "Sasa nendeni nyumbani, kuku wangu anaungua."

Kabla ya chakula droo ilifunguliwa. Vijana walipanga mstari mlangoni, kila mmoja akichukua yake na kusema "asante, Mwalimu," kwa adabu ambayo shule nzima haijawahi kuiona. Ya ishirini Mwalimu Endale aliishika mwenyewe mpaka mezani.

Sinia ilikuwa imeshaandaliwa. Injera ya Mama Asnakech ilijulikana mtaa mzima kwa macho yake, yale matundu madogo yaliyojaa usoni, mengi na yaliyosambaa sawasawa, na siku ya Noeli aliitandaza kwa majivuno. Juu yake kuku, mayai, mchuzi mwekundu. Emama Tsehay alileta kikapu chake chenye kifuniko, cha kuwekea shayiri ya kukaanga, akakimimina kikawa kitupu.

"Sheria moja," alisema.

Mwalimu Endale alifungua kipochi. Aliiangalia simu yake, akaifuta kioo kwa kidole kama anayemuaga mgonjwa, akaitumbukiza. Kisha akampa Meklit ya kwake, naye akaitumbukiza juu ya ile. Mama alimwambia dada yake, "Nitakupigia tukishakula," na dada yake akauliza kama kuna msiba. Emama Tsehay akaweka kisimu chake cha vibonye, ambacho hakijaita tangu Septemba. Kifuniko kilipokuwa kinarudi mahali pake, mkono mdogo ukakizuia. Natani alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu. Aliondoa sabuni sikioni, akasema "Nitakupigia," akaiweka ndani na zile nyingine.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mwalimu Endale alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akatazama sinia.

Walikula. Mwanzo ulikuwa mgumu, kila mtu alikuwa na mkono mmoja wa ziada asiojua auweke wapi. Meklit alikula tonge la kwanza, la pili. Alipiga meza kwa vidole.

"Kitendawili!"

Baba yake aliinua macho. Ilimchukua muda kulikumbuka jibu. "Tega," alisema.

"Ana macho elfu, na mgeni aliyekaa mbele yake hamwoni."

"Aa, hicho nakijua," alisema Mwalimu Endale. Akafikiri. Akakuna kidevu. "Si… nyuki? Hapana. Anga? Anga lenye nyota?"

"Anga halina mgeni, Baba."

"Nani amekitunga hiki? Ni kigumu."

"Wewe."

"Mimi?"

"Miaka miwili iliyopita. Ulikitega, simu ikaita, ukatoka nje. Hukurudi kuuliza jibu."

Mwalimu Endale alimtazama binti yake, kwa uso uleule wa langoni, umekaza wote kumtazama yeye.

"Na wewe umelitafuta miaka miwili?"

"Nilikuwa nalijua siku ileile. Nilikuwa nasubiri uniulize."

Aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa yamelowa, naye hakujisumbua kuyaficha. "Nimeshindwa," alisema. "Chukua mji. Chukua Gondar."

"Gondar ni yangu tangu nikiwa darasa la tatu. Nataka Addis Ababa."

"Addis ina serikali, mwanangu!"

"Baba."

"Haya, haya! Chukua Addis na serikali yake. Jibu?"

Meklit alikata kipande kutoka ukingoni mwa sinia, akakinyanyua mbele ya pua ya baba yake, macho yote elfu yakimtazama.

"Injera."

Emama Tsehay alicheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu Endale alikipokea kile kipande akakigeuza huku na huku, akatikisa kichwa, akakila. Ndipo ndani ya kikapu kitu kikatetemeka, na chini ya kifuniko ikaja, kwa sauti ndogo ya kusongwa, tiri-tiri-tin. Yake au ya Meklit, hakuna aliyejua. Mikono miwili ya kushoto ikaruka kutoka mezani, ya baba na ya binti, ikafika kiunoni, ikakuta hakuna kitu. Wakatazamana.

Mlio uliendelea. Mwalimu Endale aliurudisha mkono wake mezani polepole, akaweka vidole juu ya mbao, na kabla kinanda hakijanyamaza akapiga mara mbili.

"Kitendawili!" alisema, kwa sauti ya kuushinda.

"Tega!" wakajibu wote, na Natani ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.